Tetekuwanga Inapoingia Nyumbani: Kwa Nini Mtoto wa Pili Huugua Zaidi

Mzazi anapomleta kliniki mtoto mwenye tetekuwanga, aghalabu swali lake la kwanza halimhusu mtoto huyo bali yule aliyebaki nyumbani. "Daktari, na mdogo wake je?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake lahitaji zaidi ya maneno mawili, kwa sababu tetekuwanga ya mtoto mmoja ndani ya familia ni jambo la nyumba nzima. Makala haya yanakusudia kumsaidia mzazi ajue la kutarajia katika wiki zinazofuata. Kadhalika yanamkumbusha mhudumu wa zahanati na kituo cha afya maswali machache ambayo yasipoulizwa siku ya kwanza, siku ya kumi huwa yamekwishapitwa na wakati.

Kirusi na njia zake

Tetekuwanga husababishwa na kirusi ambacho, mwili ukishapona, hakiondoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo na kulala humo kwa miaka. Kinga ya mwili inapodhoofika kwa uzee, kwa maradhi au kwa dawa, huamka na kutokea upande mmoja wa mwili kama mstari wa malengelenge yenye maumivu makali: huo ndio mkanda wa jeshi. Uhusiano wa magonjwa haya mawili ulianza kutambuliwa mwishoni mwa karne ya 19, pale daktari wa watoto wa Budapest, János Bókay, alipoona kwamba watoto walipatwa na tetekuwanga baada ya kuishi nyumba moja na mtu mwenye mkanda wa jeshi.

Kwa hiyo, mama anaposhangaa kwamba mwanawe amepata tetekuwanga ilhali hakuna mtoto mwingine mtaani aliyeugua, inafaa kuuliza kama bibi au mjomba aishiye nao ana malengelenge kifuani au kiunoni. Jibu likiwa ndiyo, na mwenye mkanda wa jeshi akiwa kijana au mtu wa makamo, ashauriwe kupima VVU. Mara kadhaa ugonjwa wa mtoto umekuwa mlango wa mtu mzima kupata huduma aliyokuwa ameihitaji siku nyingi.

Kutoka kwa mgonjwa wa tetekuwanga kirusi hutoka kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa kugusa majimaji ya malengelenge. Njia ya hewa ndiyo inayotushinda. Mtoto huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza kuonekana, wakati dalili zake ni homa kidogo, uchovu na kukataa chakula, dalili ambazo kila mzazi wa ukanda wetu huzidhania malaria au mafua. Huendelea kuambukiza mpaka malengelenge yote yamekauka na kuwa vigaga, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku tano hadi saba tangu vipele vianze. Kigaga kikavu chenyewe hakiambukizi.

Kati ya ndugu na ndugu

Daktari mmoja wa kijijini nchini Uingereza, Robert Edgar Hope-Simpson, aliyefanya kazi katika mji mdogo wa Cirencester, alifanya jambo rahisi ambalo wengi wetu tungeweza kulifanya: alihesabu. Katika familia alizozihudumia alirekodi, kila ugonjwa ulipoingia, ni watoto wangapi kati ya wale ambao hawajawahi kuugua waliupata kutoka kwa ndugu yao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1952 yalionyesha kwamba surua ilimpata karibu mtoto 76 kati ya 100, tetekuwanga 61, na matumbwitumbwi 31. Hesabu za baadaye zimeiweka tetekuwanga juu zaidi, hadi watoto 90 kati ya 100. Tofauti hiyo hutokana kwa sehemu na namna ya kuamua nani hasa hajawahi kuugua, kwani mtoto anaweza kupata vipele vichache tu ambavyo mzazi hakuvitilia maanani. Vyovyote vile, ndugu asiye na kinga anayelala kitanda kimoja na mgonjwa ana nafasi ndogo ya kuepuka.

Jambo la pili lililothibitishwa tangu miaka ya 1960 halijulikani sana miongoni mwa wazazi: mtoto anayeambukizwa na ndugu yake nyumbani kwa kawaida hupata vipele vingi kuliko yule aliyeuleta ugonjwa, na homa yake huelekea kuwa kali zaidi. Sababu inayokubalika ni kiasi cha virusi. Mtoto wa kwanza huenda alikaa na mwenzake darasani saa chache. Mdogo wake hupumua hewa ya chumba kimoja na mgonjwa usiku na mchana, siku hadi siku. Kipimo cha virusi kinachoingia mwilini huwa kikubwa, nao huanza kuzaliana kabla kinga haijajipanga.

Kutokana na hilo, siungi mkono desturi ya kuwakusanya watoto kwa makusudi ili "wamalizane wote kwa pamoja". Naielewa hoja ya wazazi: kama ugonjwa hauepukiki, bora uje mara moja na uondoke, mama asikae nyumbani wiki tano bila kwenda kibaruani. Lakini kumlaza mtoto mzima kifuani mwa mgonjwa ni kumchagulia njia ambayo huwa na vipele vingi, na hakuna awezaye kujua mapema ni mtoto gani atakayepata nimonia.

Tuchukue mfano wa familia yenye watoto watatu. Mkubwa, wa darasa la kwanza, anatokwa na vipele tarehe 1. Maana yake alianza kuwaambukiza wadogo zake tangu tarehe 29 au 30 ya mwezi uliotangulia, kabla mtu yeyote hajashuku. Kirusi huatamia mwilini siku 10 hadi 21, mara nyingi 14 hadi 16. Hivyo wa pili, mwenye miaka minne, atatokwa na vipele pengine tarehe 14 au 15, wakati kaka yake amekwisharudi shuleni na mama anaamini kwamba mambo yamekwisha. Wa tatu, wa miezi kumi, anaweza kuugua siku hizo hizo. Au anaweza kuponyoka mzunguko wa kwanza na kuambukizwa na wa pili, akatokwa na vipele mwishoni mwa mwezi. Vigaga vyake vitakauka mwezi unaofuata umekwishaanza. Familia ikielezwa kalenda hii siku ya kwanza, haitafikiri katikati ya mwezi kwamba dawa zimeshindwa au kwamba kuna mkono wa mtu.

Je, kumtenga mgonjwa kunafaa? Katika nyumba ya vyumba vingi, kumlaza peke yake na kufungua madirisha kunaweza kupunguza kiasi cha virusi wanachovuta wengine. Katika chumba kimoja cha kupanga kilichogawanywa kwa pazia, kumwambia mama atenge mtoto ni kumpa kazi asiyoweza kuifanya na kumwongezea majuto. Afadhali nguvu zake zielekezwe kwa watu wachache ambao kwao kutenganishwa kuna uzito wa kufa na kupona.

Nani mwingine anaishi humo?

Hili ndilo swali ninalomwomba mhudumu alitangulize kabla hajaandika dawa yoyote. Mtoto mwenye afya njema atapona karibu kwa hakika. Hatari kubwa ya tetekuwanga mara nyingi haiko kwa mgonjwa aliyeketi mbele yako.

Kwanza ni mjamzito. Katika nchi zenye baridi ambazo hazitumii chanjo, karibu kila mtu huugua tetekuwanga kabla ya utu uzima. Katika nchi za joto sivyo. Wengi wanafikia umri wa kuzaa bila kinga, hasa waliokulia vijijini ambako nyumba ziko mbalimbali. Kwa hiyo tusichukulie kwamba mama, au dada wa kazi, au shangazi aliyekuja kusaidia, "lazima aliugua utotoni". Aulizwe. Mtu mzima hupata nimonia ya tetekuwanga mara nyingi kuliko mtoto, na mjamzito huugua vibaya zaidi. Mama akiupata ugonjwa katika wiki 20 za mwanzo, hadi mimba 2 kati ya 100 huweza kupata mtoto mwenye makovu ya ngozi, viungo vilivyodumaa au madhara ya macho na ubongo. Akitokwa na vipele kuanzia siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baada yake, mtoto huzaliwa na virusi bila kupokea kingamwili za kumlinda. Kabla ya tiba za sasa, karibu watoto 30 kati ya 100 wa namna hiyo walifariki. Mjamzito asiye na kinga aliyekaa na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hana dalili yoyote. Asisubiri tarehe ya kliniki, wala asikae foleni moja na wajawazito wenzake.

Pili ni kichanga. Ikiwa mama aliwahi kuugua tetekuwanga, mtoto wake aliyezaliwa kwa wakati huwa amepokea kingamwili kupitia kondo la nyuma, nazo humlinda katika miezi ya mwanzo kabla ya kufifia. Kwa sababu hiyo kaka yake kuugua si balaa. Lakini kama mama hajawahi kuugua, au kichanga alizaliwa njiti sana, hali ni tofauti na ushauri wa daktari wahitajika mara moja. Katika hali zote mama aendelee kunyonyesha.

Tatu ni mtoto ambaye kinga yake imeshuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tunapopoteza watoto ambao tungeweza kuwaokoa. Mfikirie mtoto wa miaka sita mwenye ugonjwa wa figo uliomvimbisha uso na miguu, anayemeza prednisoloni kila siku kwa dozi kubwa. Kwa macho ya jirani amepona: uvimbe umeisha, anacheza. Ndani yake kinga imezimwa kwa dawa. Dada yake akirudi na tetekuwanga kutoka shuleni, mtoto huyu anaweza kuugua tetekuwanga inayovamia mapafu, ini na ubongo, na kuanza kutokwa damu ndani ya malengelenge. Ni vivyo hivyo kwa mtoto anayetibiwa saratani na kwa mtoto mwenye VVU ambaye kinga yake haijapanda. Wazazi wa watoto hawa waelezwe mapema, ugonjwa ukiwa bado haujafika mtaani: ukiona tetekuwanga ndani ya nyumba, usingoje vipele. Pia wasimsimamishie mtoto prednisoloni kwa hofu. Kuikatisha ghafla kuna hatari yake, na uamuzi huo ni wa daktari anayemtibu.

Hospitali kubwa zina mambo matatu ya kufanya kwa aliyekaa na mgonjwa naye hana kinga. Chanjo, kwa mtu ambaye hali yake inamruhusu, hufanya kazi vizuri ikitolewa ndani ya siku tatu, na huweza kusaidia hadi siku ya tano. Kwa mjamzito na wale wenye kinga dhaifu, chanjo hii haitolewi kwa kuwa ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Wao hupewa sindano ya kingamwili palipo nayo, mapema iwezekanavyo na si zaidi ya siku kumi. Pasipo na sindano hiyo, ambayo ni adimu, daktari anaweza kuanzisha asiklovia ya kumeza siku ya saba tangu kukutana na mgonjwa, kwa siku saba. Asiklovia ni dawa ya bei ya kawaida na haihitaji jokofu. Katika mazingira yetu ndiyo silaha halisi.

Kwa wodi za watoto kuna swali moja zaidi: "Nyumbani kuna mwenye tetekuwanga, au alikuwepo wiki tatu zilizopita?" Liulizwe kwa kila mtoto anayelazwa, hata anayekuja kwa mfupa uliovunjika. Ndugu wa mgonjwa asiye na kinga anaweza kuanza kuambukiza tangu siku ya 8 baada ya kukutana naye hadi siku ya 21, na kumlaza jirani na kitanda cha mtoto wa saratani ya damu katika siku hizo ni kuwasha moto. Mhudumu asiye na kinga aliyekaa na mgonjwa naye aondolewe kwenye wodi hizo kwa siku hizo hizo.

Kumhudumia mtoto nyumbani

Mtoto wa kawaida mwenye umri chini ya miaka 12 hahitaji dawa ya kuua virusi. Kuna nafasi ya pekee, hata hivyo, kwa ndugu wa pili au wa tatu, ambaye tumekwishaona kwamba huugua zaidi: asiklovia, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 800 kwa dozi, mara nne kwa siku kwa siku tano, inaweza kufupisha homa na kupunguza vipele, mradi ianzwe ndani ya saa 24 za kipele cha kwanza. Hapa kalenda inatusaidia, kwa kuwa mzazi aliyeambiwa atarajie vipele tarehe 14 ataviona mapema. Ikichelewa zaidi ya hapo, faida yake kwa mtoto mwenye afya ni ndogo mno kuistahili gharama. Vijana waliozidi miaka 12 na watu wazima wapewe bila kusitasita.

Homa itulizwe kwa parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini ni marufuku kabisa kwa mtoto mwenye tetekuwanga, kwani inahusishwa na madhara ya ghafla ya ini na ubongo yanayoweza kuua. Ibuprofeni nayo iepukwe. Imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi na misuli. Maduka ya dawa huuza dawa za mchanganyiko za homa na maumivu, kwa hiyo mzazi asome kilichomo au amuulize muuzaji.

Aidha, kila mtoto mwenye homa apimwe malaria hata kama vipele vinaonekana. Ugonjwa mmoja hauzuii mwingine.

Mtoto aoge. Wapo wanaoamini kwamba maji huviingiza vipele ndani. Maji hayafanyi hivyo, na ngozi chafu yenye vidonda hukaribisha bakteria. Maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha kukausha kwa kubonyezabonyeza bila kusugua, yatosha. Losheni ya kalamini hutuliza muwasho. Kucha zikatwe fupi, na wadogo wavalishwe soksi mikononi wakati wa kulala. Kuhusu ile dawa ya zambarau iitwayo GV, ambayo bado hupakwa mwili mzima katika nyumba nyingi, ombi langu ni kwamba iachwe: rangi yake inaficha kile tunachohitaji kukiona.

Tunachohitaji kukiona ni ngozi iliyoanza kuoza kwa bakteria, ambayo ndiyo athari ya kawaida kupita zote kwa watoto. Vitabu vingi husema tutafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo tumia mkono: gusa sehemu iliyo karibu na kidonda kama ina joto kuliko nyingine, kama imevimba na kukakamaa, kama mtoto analia inapobonyezwa. Maumivu makubwa kuliko kidonda kinavyoonekana ni dalili mbaya. Homa iliyokwisha ikarudi siku ya nne au ya tano, mtoto kuchechemea, kupumua kwa kasi, kuyumba anapotembea kama mlevi, usingizi usio wa kawaida, degedege, kutapika mfululizo, au malengelenge yenye damu ndani: hizo ni sababu za kwenda hospitali usiku huo huo. Mtoto akikataa kula kwa vidonda vya mdomoni, apewe uji uliopoa, maziwa au maji ya dafu kidogo kidogo. Akikosa kukojoa kwa saa nyingi, arudishwe kituoni.

Mpox au tetekuwanga?

Tangu mwaka 2024, mpox ilipoenea kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mwaka 2025 ikathibitishwa Tanzania, kila mtoto mwenye malengelenge ametazamwa kwa jicho la wasiwasi. Tetekuwanga huanza kifuani, mgongoni na usoni, huwasha sana, na mahali pamoja utakuta kipele kipya, lengelenge lenye maji na kigaga kikavu. Vipele vya mpox huelekea kuwa vya umri mmoja katika sehemu moja ya mwili, vigumu, vyenye mizizi ndani ya ngozi, hupenda viganja na nyayo, na tezi za shingo au kinena huvimba. Alama hizi husaidia lakini hazitoshi. Magonjwa haya mawili yamewahi kukutwa kwa mgonjwa mmoja. Palipo na shaka, chukua sampuli ya lengelenge au kigaga kwa ajili ya kipimo cha PCR na toa taarifa kwa mratibu wa wilaya. Hadithi ya ndugu husaidia pia: watoto watatu wa nyumba moja waliougua kwa kupishana wiki mbili, wenye muwasho na afya nzuri kwa jumla, wanaelekeza kwenye tetekuwanga. Wazee wanaodhani ni ndui waelezwe kwamba mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya asili alipatikana Somalia mwaka 1977.

Chanjo na kurudi shuleni

Chanjo ya tetekuwanga ilitengenezwa Japani na Michiaki Takahashi katika miaka ya 1970, miaka kadhaa baada ya mwanawe kuugua vibaya. Marekani iliiidhinisha mwaka 1995. Haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto Tanzania. Mzazi awezaye kuinunua katika kituo kinachoaminika anafanya jema, hasa kama mtoto mwingine wa nyumba hiyo anasubiri matibabu yatakayoshusha kinga. Aliye na kinga pungufu tayari hapewi, lakini ndugu zake wanaweza kupewa ili wamzungushie ukuta.

Mgonjwa arudi shuleni malengelenge yote yakishakuwa vigaga, hata kama madoa yamebaki. Madoa hayo, meusi au meupe, hufifia kwa miezi kadhaa bila dawa, na krimu za kung'arisha ngozi zisipakwe. Vishimo vya kudumu hutokana na kubandua vigaga. Ndugu asiye na dalili haondolewi shuleni, ila mzazi amjulishe mwalimu tarehe ambazo vipele vinaweza kutokea, kwa kuwa huenda darasani humo yumo mtoto anayemeza prednisoloni, na mzazi wake anahitaji kujua.